Kutembea na kinga: somo la tafsiri kati ya bonde la Loire na bonde la Lualaba

Somo hili lilianza na kosa langu mwenyewe la kusahihisha. Niliwapa wanafunzi wa mwaka wa tatu aya ya Kifaransa ya mistari kumi na miwili, niliyoitunga kwa mtindo wa vile vikaratasi vinavyogawiwa watalii. Mtu anaondoka asubuhi katika mji mdogo wa Ufaransa akiwa na baiskeli. Anafuata mto Loire, anapanda katikati ya mizabibu, anasimama kwa mkulima kuonja divai, na jioni anateremka tena hadi mtoni. Hakuna zaidi ya hayo. Niliwaomba waitafsiri kwa Kiswahili ambacho msomaji wa Kolwezi na msomaji wa Dar es Salaam wote wawili wataweza kukisoma bila kukwama.

Niliichagua aya hiyo kwa sababu Kifaransa chake ni chepesi kabisa. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu hawezi kusingizia sarufi. Ugumu wote uko upande wa pili. Bonde tunalo, mto tunao, tena mto mkubwa kuliko ule, kwa maana Lualaba ndiyo Kongo yenyewe kabla ya kubadili jina. Baiskeli tunazo kwa maelfu. Kinachokosekana ni mzabibu, na pia, kama tutakavyoona, yule mtu anayepanda baiskeli bila kuwa na mzigo wala haraka.

Mzabibu na divai

Tuanze na kile kilichoonekana kigumu na ambacho mwishowe hakikuwa kigumu. Kwa neno *vignoble* wanafunzi karibu wote waliandika "shamba la mizabibu". Nilipouliza wamelipata wapi, hakuna aliyetaja kamusi. Wamelipata kanisani. Mtoto wa Kolwezi ambaye hajauona mzabibu hata mmoja amesikia mara nyingi habari za wafanyakazi walioajiriwa saa mbalimbali za siku katika shamba la mizabibu na kulipwa sawa, na habari za Nabothi aliyekataa kumuuzia mfalme Ahabu shamba lake kwa kuwa ni urithi wa baba zake.

Neno, basi, lipo na ni sahihi. Lakini tafsiri haiishii kwenye usahihi wa neno. Mfaransa anayesoma *vignoble* katika karatasi ya utalii anaona mistari ya kijani, jua la mchana, chupa na mkate. Msomaji wetu anayesoma "shamba la mizabibu" anasikia mahubiri. Anasikia kibarua na malipo. Akiwa mkazi wa mji huu, huenda akasikia Nabothi kwa namna ya pekee. Katika mtaa wa Kasulo madini yaligunduliwa chini ya nyumba mwaka 2014, watu wakachimba hadi ndani ya vyumba na nyuani, na mwaka 2017 sehemu ya mtaa ikazungushiwa ukuta na wakazi wake wakahamishwa. Mtafsiri hawezi kuifuta sauti hiyo ndani ya neno, na sidhani kama anapaswa kujaribu. Anapaswa tu kujua kwamba ipo, ili asishangae msomaji anapoingia katika shamba hilo kwa uzito ambao mwandishi wa Kifaransa hakuuweka.

Kuna njia ya kulipunguza uzito huo, nayo ni kwenda kuwasikiliza Waswahili wanaolima zabibu. Wapo. Dodoma, katikati ya Tanzania, sehemu kama Hombolo na Makutupora, watu wanalima zabibu katika nchi kavu yenye mvua kidogo na wanavuna mara mbili kwa mwaka. Si bonde la mto, na mtalii wa Loire asingeitambua nchi ile. Lakini lugha yao ni lugha ya kazi. Wanapogoa mizabibu, wanavuna vichala, wanakamua, na kile kinachotoka kabla ya kuwa divai ya chupani wanakiita "mchuzi wa zabibu". Hakuna mwanafunzi wangu aliyeandika "mchuzi wa zabibu", na nilipolitamka darasa zima lilicheka, maana kwetu mchuzi huliwa na ugali. Hata hivyo nashauri lichukuliwe. Neno lililozaliwa shambani lina haki kuliko neno tulilolitunga mezani.

Maneno yenyewe yana safari ndefu kuliko ya mpanda baiskeli wetu. "Zabibu" limetoka Kiarabu, na huko *zabib* ni tunda lililokaushwa. Tunda bichi lina jina jingine, *inab*. Inaelekea watu wa pwani waliijua kwanza zabibu kavu ya biashara, ile iliyofika na jahazi, na mti wenyewe ukaja kupewa jina la tunda lake lililokauka. "Mvinyo" ni *vinho* ya Wareno. "Divai" ni *du vin* ya Wafaransa, kibainishi na nomino vikiwa vimegandana, vilevile kama Krioli ya Morisi inavyoita mkate *dipin*. Kwa hiyo mwanafunzi aliyetafsiri *du vin* kwa "divai" alikuwa akilirudisha neno kwa wenyewe likiwa limevaa nguo nyingine. Kanisani tunasema divai. Mezani katika mji huu watu wengi husema tu *vin*. Mimi ningeandika divai.

Kuambaa na kupindapinda

Sehemu hii naipitia upesi, ingawa ndiyo iliyochukua muda mrefu darasani.

Kifaransa kina kitenzi *longer*. Barabara *longe* mto. Wanafunzi waliandika "inafuata mto", na hilo si baya. Lakini Kiswahili cha pwani kina kitenzi kizuri ambacho hapa bara tumekisahau au hatukukipata kamwe, nacho ni "kuambaa". Chombo huambaa na pwani, yaani hupita kandokando yake bila kuigusa na bila kuiacha. Baiskeli inaweza kuambaa na ukingo wa mto. Ni neno la mabaharia lililofaa kabisa kwa mtu wa nchi kavu.

Kwa *serpenter* hatuhitaji nyoka. Tunarudia kitenzi, "barabara inapindapinda", na mwendo umekwisha kuonekana. Kwa *coteau* kulikuwa na mabishano kati ya "kilima", "mteremko" na "ubavu wa kilima". Nimechagua la tatu, kwa sababu mizabibu hupandwa kwenye ubavu unaopata jua, na ubavu huo ndio unaotajwa, si kilima chote. Ziko mbavu kali kuliko za Loire. Huko Bremm, juu ya mto Mosel nchini Ujerumani, mteremko wa mizabibu unafikia nyuzi 65, na mtu hulima huko karibu kwa kutambaa. Aliyeandika "mteremko" kwa mahali kama pale angekuwa na haki.

Jambo lililonifurahisha zaidi ni viambishi vya mahali. Kifaransa, kila kinapotaka kuonyesha kitu katika nchi, kinalazimika kusema *il y a* au *on voit*. Sisi tunaiachia nchi yenyewe iwe kiima. Bondeni mna mizabibu. Pale darajani panaonekana mto. Huku juu kunavuma upepo. Mu, pa na ku zinasema ndani, mahali hasa na eneo lisilo na mpaka, na msomaji anajua amesimama wapi bila kuambiwa "hapa mtalii anaona". Wanafunzi wetu, kwa mazoea ya usemi wa mjini ambako "iko" hubeba kila kitu, waliandika "kule iko mizabibu". Silaumu usemi wa mjini. Lakini anayetaka kueleza nchi kwa maandishi akiziacha ngeli hizi tatu ameviacha nyumbani vyombo vyake bora.

Neno lililokatwa kwa kalamu nyekundu

Sasa nifike kwenye kosa langu.

Sentensi ya kwanza ya aya ilikuwa na neno *balade à vélo*. Mwanafunzi mmoja wa kike aliandika: "Asubuhi anatoka mjini, anatembea na kinga kandokando ya mto." Niliikata kwa kalamu nyekundu na kuandika juu yake "anaendesha baiskeli". Nikapunguza alama mbili, moja kwa kitenzi na moja kwa "kinga".

Kuhusu "kinga" nilijua nilikuwa mkali. Kila mtu mkoani hujua kwamba kinga ni baiskeli. Neno hilo si mzaha wa vijana. Lina ndugu pande nyingi. Warundi husema *ikinga*, Wabemba *injinga*, Wachewa *njinga*. Kiswahili cha Katanga kilikua katika makambi ya wafanyakazi wa migodi, ambako watu kutoka ng'ambo ya pili ya mpaka, Rhodesia ya Kaskazini ya wakati ule, waliishi nyumba kwa nyumba na Waluba, Walunda na wengine wengi, na si ajabu kinga ikapanda njia hiyo. Kamusi ya Dar es Salaam, ukiitafutia kinga, itakupa ulinzi na chanjo. Nilitaka tafsiri isomeke kote, kwa hiyo nilidai "baiskeli". Bado nadhani dai hilo lilikuwa halali. Adhabu ya alama haikuwa halali, kwa sababu sikuwa nimewaambia mapema.

Kitenzi ndicho kilichonirudia. Baada ya kipindi mwanafunzi alinifuata barazani na karatasi yake. Aliongea usemi wetu wa kawaida. Mimi nayaandika maneno yake kwa Kiswahili sanifu. "Prof," alisema, "baba yangu anatembea na kinga tangu nizaliwe, lakini sijapata kumwona amekaa juu yake."

Nilikuwa nimechukulia kwamba amekosea kihusishi tu. Katika Kiswahili chetu "na" hubeba chombo cha kufanyia kazi. Tunakata na kisu, tunaandika na kalamu, ambapo sanifu hupenda "kwa". Kwa hiyo "niko natembea na kinga" kwa mtu wa hapa inaweza kumaanisha natalii kwa baiskeli, nipo juu yake, na sentensi ya mwanafunzi ilikuwa tafsiri halali ya *balade à vélo* kwa sarufi ya Kiswahili cha Katanga. Sarufi hiyo ni kamili na ina wataalamu wake. Aurélia Ferrari, Marcel Kalunga na Georges Mulumbwa waliiandikia kitabu kizima mwaka 2014, na kabla yao Johannes Fabian alikuwa ameonyesha jinsi historia ya lugha hii isivyoweza kutenganishwa na historia ya kazi na utawala katika nchi hii. Msomaji wa Dar es Salaam, kwa upande wake, akiisoma sentensi hiyohiyo ataona mtu anayekwenda kwa miguu, baiskeli ikiwa kando yake kama mwenzake wa safari.

Na huyo ndiye baba wa mwanafunzi. Yeye ni mwuza makala. Hutoka misituni na magunia yaliyofungwa juu ya kinga hadi usawa wa kichwa, kijiti kimefungwa kwenye usukani ili aweze kuuelekeza akiwa upande mmoja, mkono mwingine ukisukuma mzigo kwa nyuma. Kwenye mpando husukuma. Kwenye mteremko huvuta kwa nyuma ili kinga isimkimbie, na hapo ndipo pana hatari zaidi, hasa malori ya shaba na kobalti yanapopita kwenda mpakani Kasumbalesa na kumsogeza ukingoni. Kinga yake haina nafasi ya kukaa mtu. Ni mkokoteni wa magurudumu mawili.

Kifaransa *à vélo* hakitofautishi haya. Sisi tuna kupanda baiskeli, kuendesha baiskeli, kusukuma baiskeli, na hiyo "kutembea na" ambayo inaweza kuwa lolote kati ya hayo kulingana na mahali ulipozaliwa. Mwanafunzi alikuwa ameandika sentensi ambayo kwa Kolwezi ilikuwa sahihi mara mbili, na ambayo kwa bonde la Loire, ikisomwa na mtu wa pwani, ilikuwa uongo. Mtalii wa Loire hasukumi kitu. Njia yake ya baiskeli, kiasi cha kilomita 900 hadi baharini, ilitengenezwa ili asisukume.

Nilimrudishia alama mbili. Kisha nilimwuliza angeandika nini kama angetaka asieleweke vibaya popote. Alifikiri kidogo akasema: "Anakwenda matembezi kwa baiskeli." Ni tafsiri nzuri. "Matembezi" hayalazimishi miguu, yanabeba starehe ya *balade*, na "kwa" inamweka mtu juu ya kiti. Lakini nilimwona akiikunja karatasi kana kwamba amepoteza kitu. Nilitambua kwamba mtu wa Loire amepata sentensi yake na baba yake hana yake.

Mandhari ni ya nani

Wiki iliyofuata nilibadili zoezi. Niliwaambia waandike kwa Kiswahili, bila kutafsiri chochote, aya ya urefu uleule kuhusu safari ya baiskeli kutoka Kolwezi kuelekea Lualaba.

Nusu ya darasa waliandika karatasi ya utalii. Mandhari ya kuvutia, hewa safi, wenyeji wakarimu. Hizo aya sikuzipenda, na nilisema hivyo. Si kwamba nchi yetu haina uzuri. Anayetoka mjini mwezi wa tisa, kabla mvua haijaanza, anaikuta miombo inatoa majani mapya mekundu, rangi ya divai kabisa, chini ya moshi wa mioto ya kiangazi. Makorongo ya Nzilo, ambako Lualaba inajipenyeza kwenye miamba kuelekea kaskazini, yangewapigisha picha watu wa Loire hadi betri ziishe. Ziwa Nzilo lenyewe lilizaliwa na bwawa la umeme lililomalizika mwaka 1952, likaitwa Delcommune kabla ya kurudishiwa jina la mahali. Leo lina wavuvi, na samaki wake huja mjini juu ya kinga. Katika madembo, yale mabonde ya majimaji yanayokaa na unyevu hata kiangazi, akina mama wanalima lengalenga na matembele kwenye matuta yaliyonyooka. Ukitafuta kitu kinachofanana na mizabibu ya bondeni, ni hayo matuta.

Ila maneno ya karatasi hayakuwa yameangalia lolote kati ya hayo. Na hapa kuna jambo ambalo mwanafunzi wa lugha anapaswa kulijua. "Mandhari" linatokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kutazama. Ni kile kilicho mbele ya macho ya mtu. "Kutalii" lina undugu na "mutalaa", yaani kusoma na kupitia kitabu. Mtalii, kwa asili ya neno, ni msomaji wa nchi. Mwenye baiskeli ya Loire analipa ili asome. Baba wa makala anaijua kila tuta la barabara ile, kila mteremko, kila kivuli cha kupumzikia, na hakuna anayemwita mtalii. Nilimwuliza mwanafunzi yule kama baba yake huwahi kusimama kuangalia mto. Akajibu: "Anasimama darajani kila mara. Pale ndipo anapofunga kamba upya."

Nusu nyingine ya darasa, akiwemo yeye, waliandika kitu tofauti. Nimechagua aya yake na kuihariri kidogo kwa ruhusa yake. Nimeacha "kinga" palepale ilipo.

Zoezi

Tafsiri aya ifuatayo kwa Kifaransa. Uangalie hasa "natembea na kinga" katika sentensi ya pili, kisha "kwa kinga" katika ya nne. Usitumie *à vélo* mara zote mbili. Viambishi vya mahali visipotee vyote katika *il y a*. Neno "mukuba", ambalo ni jina la shaba katika lugha kadhaa za hapa, uamue mwenyewe kama utalitafsiri au utaliacha, na uandike kwa mistari miwili sababu yako.

"Tunaondoka kabla ya jua, baridi ikiwa bado imeshika usukani. Natembea na kinga upande wa kushoto, baba upande wa kulia, magunia katikati yetu kama mtu wa tatu asiyesema. Dembo linapoanza pananukia udongo uliomwagiliwa, na kule chini mnaonekana akina mama wameinama katikati ya matuta. Kijana mmoja anatupita kwa kinga, mikono ameachia, anapiga mluzi. Baba anamtazama hadi anapotea kwenye kona. Barabara inaambaa na mto kwa muda mfupi tu, halafu inauacha. Kwenye mawe yaliyokatwa na greda kuna rangi ya kijani, ni mukuba, kila mtu anaijua rangi hiyo. Darajani baba anaegemeza kinga, anafungua kamba, anaivuta, anaifunga tena. Maji yanapita chini. Tunakunywa kutoka kwenye dumu, kisha tunasukuma."